Kula Si Lazima

Hotuba mbele ya wanachama wa klabu ya sataranji na wageni wao, Mwanga, Kigoma

Wazee wangu, walimu, wazazi, wanafunzi, na ninyi ndugu zangu wa vijiwe vya drafti mliotoka Ujiji, Gungu na Kibirizi: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na poleni kwa joto la ukumbi huu.

Kwenye ratiba imeandikwa kwamba nitazungumzia faida za sataranji kwa vijana. Mgeni rasmi amezitaja zote, na nyingine mbili ambazo hata sisi wa klabu tulikuwa hatujazisikia, kwa hiyo mniruhusu niziache. Nataka tuutazame mchezo mmoja tu. Ni ule wa Jumamosi iliyopita, kati ya bingwa wetu wa drafti, mstaafu wa reli, na binti wa kidato cha tano. Tangu siku hiyo kila ninapopita naulizwa: hivi Mzee alishinda au alishindwa? Wote wawili wameketi hapa mbele. Wamenipa ruhusa niwaseme, mradi nisiwataje majina, maana Mzee anasema nyumbani kwake bado wanaamini alikuwa kwenye kikao cha harusi.

Nitaanzia kwenye drafti na bao, kwa sababu wengi wenu ndiko mlikotokea.

Drafti ina amri moja kubwa: kula ni lazima. Kete ya mwenzako ikikaa mahali pa kuliwa, unakula, upende usipende. Ukijifanya hukuiona, kijiwe kizima kitakurudisha ukale. Bao la Kiswahili nalo ni hivyo hivyo. Ukiwa na mtaji, yaani hatua ya kula, unacheza mtaji; kutakata, yaani kucheza bila kula, ni kwa yule asiye na cha kula. Michezo hii miwili imetulea, na imetulea na mkono mwepesi: mkono unafika kwenye kete kabla kichwa hakijauliza. (Na mkirudi vijiweni mpate la kubishania: bao lina mashimo 32 na kete 64, sataranji ina vyumba 64 na kete 32.)

Sataranji, au chesi kama vijana wanavyoiita, haina amri hiyo. Kula ni hiari. Utalazimika kula pale tu ambapo huna hatua nyingine halali, na hilo hutokea mara chache mno. Mtu akitoka kwenye drafti akakaa kwenye ubao wetu, jambo la kwanza linalomshinda si mwendo wa farasi, ingawa kila mtu anaulalamikia huo. Linalomshinda ni kuiona kete ya bure na kuiacha pale ilipo.

Basi, tuuendee ubao wa ukutani. Vyumba vina majina: herufi a mpaka h kutoka kushoto kwenda kulia, namba 1 mpaka 8 kutoka kwa mwenye kete nyeupe kwenda juu. Binti alikuwa na nyeupe. Akamsukuma askari aliye mbele ya malkia vyumba viwili, kutoka d2 hadi d4.

Ufunguzi huu wa askari wa malkia ni wa watu wasio na haraka. Ukifungua kwa askari wa mfalme, kumpeleka e4, askari huyo anasimama katikati bila mlinzi, itabidi umtafutie. Wa d4 ana malkia nyuma yake tangu dakika ya kwanza. Ndiyo maana michezo inayoanzia hapa huchelewa kulipuka. Vita vinakuwepo, ila vinajificha ndani ya askari wadogo wadogo, nani asukumwe, nani abaki, nani abadilishwe na nani. Watazamaji wengi husinzia. Mwaka 1927 kule Buenos Aires, José Raúl Capablanca na Alexander Alekhine walipogombea ubingwa wa dunia, walicheza michezo 34, na 32 kati ya hiyo ilikuwa ya aina hii hii tunayoitazama leo. Sare zilikuwa 25. Alekhine alishinda 6, Capablanca 3. Mnaolalamika kwamba michezo ya Jumamosi inachelewa kwisha, muwahurumie waliokaa pale tangu Septemba mpaka Novemba.

Mzee akajibu kwa askari wake d5. Binti akasukuma c4.

Simameni hapo. Askari wa c4 amewekwa mbele ya mdomo wa askari wa d5. Analika. Hana mlinzi anayeonekana. Mafundi wa Ulaya wameufahamu mtindo huu tangu mwishoni mwa karne ya 15, wakauita jina lenye maana ya kumtoa askari kafara kwa upande wa malkia. Kwa mtu wa drafti hiki ni chakula mezani.

Mwaka jana Mzee alikila. Aliponiruhusu nimseme alisema niseme yote, kwa hiyo nayasema. Alikula c4, binti akacheza e3 kumfungulia njia askofu wake. Mzee hakutaka kumrudisha askari aliyemla, akamwekea mlinzi: b5. Binti akampiga mlinzi huyo kwa a4. Mzee akamlinda mlinzi kwa mlinzi mwingine: c6. Binti akala b5, Mzee akala b5. Kisha malkia wa binti akatoka d1 akasimama f3, kimya kimya. Tazameni mshazari huo: f3, e4, d5, c6, b7, a8. Wote waliokuwa wakiziba njia wameondoka kwa sababu ya kumlinda askari mmoja wa wizi, na kwenye kona kuna ngome nzima ya Mzee. Hatua ya 6, na tayari anapoteza kete kubwa. Gioachino Greco, Mwitalia, aliuandika mtego huu katika karne ya 17, na ukaja kumkamata mtu Mwanga.

Nisieleweke vibaya. Kumla askari wa c4 si kosa. Mabingwa wa dunia wamemla. Wanamla, kisha wanamwachia mwenzao amrudishe, na muda huo anaoutumia kumrudisha wao wanautumia kutoa kete zao. Kilichomwangusha Mzee ni kung'ang'ania.

Jumamosi hakula. Akacheza e6, akamtegemeza d5, akanyoosha miguu chini ya meza. Waliokuwa nyuma yangu waliguna. Mimi nilijua kuna kazi imefanyika nyumbani.

Farasi wa binti akatoka c3, wa Mzee f6. Askofu wa binti akaenda g5 kumbana huyo farasi: akisogea, malkia wa Mzee aliye nyuma yake, d8, analiwa. Mzee akatoa farasi wa pili, d7. Binti akala d5 kwa askari wa c, Mzee akarudisha kwa askari wa e. Na sasa ikawa zamu ya binti kuona chakula.

Askari wa d5 analindwa na farasi wa f6, lakini farasi huyo amebanwa. Hawezi kusogea, malkia wake ataliwa. Kwa hiyo askari wa d5 ni wa bure. Sivyo? Binti alitazama ubao kwa muda mrefu. Wanaklabu wawili waliokuwa wakitazama walianza kunong'ona, nikawatoa nje.

Si wa bure. Binti akila d5 kwa farasi, Mzee anakula farasi huyo kwa farasi wake "aliyebanwa", na kumwacha malkia aliwe na askofu. Kisha askofu wa Mzee anaruka kutoka f8 hadi b4: cheki, yaani mfalme ameshambuliwa! Mfalme wa binti hana pa kwenda. Hatua moja tu inamwokoa, malkia wake aingie d2, na pale analiwa. Hesabu ikifungwa, malkia wamekwenda wote wawili, maaskofu wawili wamekwenda, na Mzee amebaki na farasi mzima zaidi kwa thamani ya askari mmoja. Ni mtego wa zamani. Mwaka 1848 huko Berlin, Karl Mayet aliingia ndani yake alipocheza na Daniel Harrwitz.

Binti akacheza e3. Mzee akatikisa kichwa, akamwambia, "Mjukuu wangu, umekua." Kuzungumza wakati wa mchezo hairuhusiwi na nilimpa onyo, lakini naliweka kwenye kumbukumbu.

Hatua zilizofuata nitazipitia haraka. Askofu wa Mzee e7, wa binti d3, na farasi wa pili wa binti f3. Wote wawili wakawahifadhi wafalme wao upande wa kulia nyuma ya askari watatu. Malkia wa binti c2, askari wa Mzee c6, ngome yake e8, farasi wake wa d7 akarudi f8 kulinda nyumba. Kila klabu duniani imewahi kuiona sura hii. Wataalamu huiita muundo wa Carlsbad, kwa jina la mji wa Czechia uliokuwa ukiandaa mashindano makubwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Kuujua muundo huu kuna faida zaidi ya kukariri hatua ishirini. Upande wa kushoto, binti ana askari wawili, a na b. Mzee ana watatu, a, b na c. Akili ya kawaida inasema wengi huwashambulia wachache. Hapa wachache ndio wanaoshambulia. Binti anampeleka askari wa b mbele, b4, kisha b5, mpaka agongane na c6. Hataki kumpata askari wa ziada pale. Anataka zikibadilishana, Mzee abaki na askari mmoja mpweke asiye na jirani wa kumlinda, na kete kubwa za Mzee zigeuke walinzi wake. Kwa hiyo hatua ya 11 ngome yake ikatoka a1 ikaenda b1, nyuma ya askari wa b, kabla hata hajamsukuma.

Mzee akajibu kwa farasi kuingia e4, katikati kabisa. Maaskofu wa rangi nyeusi wakaliana kule e7. Binti b4. Mzee a6, kuchelewesha b5. Binti a4, kulazimisha b5. Mzee askofu f5.

Hapa tena naomba tusimame, na safari hii nawaomba wanafunzi. Farasi wa Mzee yupo e4. Farasi wa binti wa c3 anaweza kumla. Farasi kwa farasi, biashara sawa, au siyo? Naona mikono imenyanyuka nusu.

Mkimla, askari wa d5 anarudisha, anatua e4. Na akiwa e4 anawatisha wawili kwa mpigo: askofu wa d3 na farasi wa f3. Mmoja lazima aende. Mkimtuma askofu amle askari huyo, askofu wa f5 anamla askofu, na nyuma yake kuna malkia. Biashara iliyokuwa sawa imekula kete nzima. Binti aliiona, akaendelea na mpango wake: b5.

Askari wa a wakabadilishana pale b5. Mzee akala farasi c3, malkia akarudisha. Mzee akala askofu d3, malkia akarudisha. Sasa ni hatua ya 18, zamu ya Mzee, na mezani kumebaki malkia wawili, ngome nne, farasi mmoja kila upande. Askari wa binti yupo b5, ameshikana na c6 wa Mzee.

Yule bwana wa Kibirizi ambaye amekuwa akinifuata wiki nzima kuniambia Mzee alipaswa kumla askari wa b5, nakuomba utazame. Mzee akila kwa c6, malkia wa binti anakula b5. Kutoka hapo anamtazama askari wa b7 na askari wa d5, wote wawili. Mzee anaweza kumlinda mmoja. Ukicheza malkia d6 umelinda d5, b7 inaliwa. Ukicheza ngome b8 umelinda b7, d5 inaliwa. Malkia d7 je? Malkia wa binti anakula b7, malkia wanaliana, ngome ya binti inakaa b7 na askari amekwenda. Hakuna njia ya kutoka salama. Mzee hakula, na alifanya vizuri.

Lakini pia hakufanya kilichokuwa bora, na hilo tutalirudia mwishoni. Alimtoa farasi g6 akitamani kumshambulia mfalme. Binti akala c6, Mzee akarudisha kwa b7, na askari mpweke akazaliwa. Ngome ya pili ya binti ikaja c1, moja kwa moja mbele yake.

Sitawachosha na hatua kumi na tano zilizofuata. Ngome ya Mzee c8, ya pili a6, malkia d6, wote wakimlinda askari wa c6 aliyekuwa hasogei. Binti hakuwa na haraka. Alisogeza farasi wake, akarudisha, akatafuta chumba bora. Mzee alishambulia kidogo upande wa mfalme, binti akazima. Hatua ya 33 c6 ikaanguka. Farasi wakaliana, kisha malkia, kisha ngome mbili. Binti alikuwa na askari mmoja zaidi na kila mmoja alibaki na ngome moja.

Na hapo ndipo nilipokuwa na neno na Mzee wangu, akubali asikubali. Ukiwa umepungukiwa askari mmoja, ishike ngome yako. Miisho ya ngome husamehe. Askari wanne kwa watatu upande mmoja wa ubao, ngome kwa ngome, kwa kawaida ni sare mtetezi akiwa makini. Ziondoe ngome hizo, wabaki wafalme na askari peke yao, na yule mwenye askari wa ziada mara nyingi anashinda. Binti aliileta ngome yake uso kwa uso na ya Mzee. Mzee angeweza kuihamisha. Akala. Binti akarudisha kwa mfalme, na mfalme huyo akawa tayari ameshafika katikati.

Yaliyobaki ni hesabu ya hatua. Binti akasukuma e4, Mzee akala, mfalme akarudisha, na askari wa d akabaki peke yake njiani. Mfalme wa Mzee akakimbilia huko kumzuia, mfalme wa binti akageukia upande wa kulia kuvuna. Askari wakaliwa huku na huku. Mzee alipobaki na mmoja tu, g6, yule wa d alikuwa ameshapata mwanya. Akaingia d8 akawa malkia, kama kete ya drafti inavyoingia kingi.

Saa ya binti ilikuwa imebakiza muda wa kuhesabu kwa vidole. Mfalme wake f6, malkia wake mpya d3. Mfalme wa Mzee h7, askari wake g6, na askari huyo hawezi hata kusogea maana malkia anamtazama mfalme kupitia yeye. Binti akasogeza mfalme f7.

Mzee ana hatua mbili tu halali kwenye ubao mzima: mfalme h6, au mfalme h8. Akienda h6 anatoka kidogo, anasumbua, anapata cheki tano sita, anakufa polepole. Akienda h8 anaingia kwenye kona, na kuna chekimeti ya hatua moja: malkia anatoka d3 anakwenda h3, mchezo umekwisha. Kila aliyesimama pale aliiona. Mzee naye aliiona, ameniambia mwenyewe.

Akaenda h8.

Ili kuielewa hatua hiyo lazima mwijue drafti kwa ndani. Mchezaji wa kawaida wa drafti anakula. Bingwa wa drafti analisha. Anakupa kete moja, unalazimika kuila, na kwa kuila unafungua mlango anaopitia kula zako tatu. Mzee amelisha watu pale stesheni tangu enzi za treni za makaa. Kwenye sataranji hawezi kumlazimisha mtu kula, amri haipo. Anaweza tu kumtazama mtu usoni akajua kwamba huyu, sasa hivi, kwa saa ile na presha ile, atakula bila kulazimishwa. Binti alikuwa amekataa chakula kuanzia hatua ya 6. Amekataa d5, amekataa e4, ameshinda njaa mchezo mzima. Na sasa kete ya mwisho ya adui ipo g6, haina mlinzi, na malkia yuko kwenye mstari wake.

Malkia akala g6.

Kijiwe chote cha drafti kilichokuwa dirishani kikalipuka: amefungwa! amefungwa! Na kwa drafti mko sahihi kabisa. Kwenye drafti asiye na pa kusogea ameshindwa. Mfalme wa Mzee yupo h8. G8, g7 na h7 zote zinatazamwa. Askari hana tena. Zamu ni yake na hana hatua. Kuna kijana aliyekwishaanza kukusanya hela ya watu, na naomba azirudishe leo kabla hatujatoka hapa, kwanza kwa sababu kamari haituhusu, pili kwa sababu hakuna aliyeshinda.

Kwenye sataranji, mchezaji asiye na hatua halali, na mfalme wake hajapigwa cheki, mchezo ni sare. Malkia akiwa g6 haigusi h8. Mfalme wa Mzee alikuwa amezungukwa, hakuwa ameshambuliwa. Nusu pointi kwa nusu pointi, nikaandika kwenye karatasi, wote wawili wakatia saini.

Najua wengi mnaona sheria hii ni ya dhuluma, na hamko peke yenu. Watu wamebishana juu yake kwa karne nyingi. Katika sataranji ya Waarabu wa kale, ile ambayo malkia alikuwa bado waziri anayetembea chumba kimoja kwa mshazari, kumfungia mwenzako namna hiyo kulikuwa ushindi. Binti angeondoka na pointi nzima. Huko Uingereza, tangu karne ya 17 mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, walicheza kinyume: aliyemfungia mwenzake ndiye aliyehesabiwa kushindwa. Kwa sheria hiyo Mzee angeondoka na pointi nzima, na sisi tusingelala. Sare ndiyo iliyokuja kukubalika kote, na ndiyo sheria ya FIDE, shirikisho la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1924. Sisi tunaifuata hiyo. Asiyeipenda awaandikie FIDE.

Binti yangu, baada ya mchezo ulinijia ukiwa na machozi ukaniuliza ungefanya nini. Nilikujibu vibaya kwa sababu watu walikuwa wengi, ngoja nikujibu sasa. Usijiulize kwa nini hukuiona h3. Uliiona, ulikuwa umeishaiona hatua moja kabla. Ukibaki na malkia na mwenzako akabaki na mfalme na kete moja, ile kete moja ni rafiki yako. Maadamu ipo na inaweza kusogea, mwenzako ana hatua ya kucheza, na hawezi kukutorokea kwa sare ya namna ile. Muda ukiwa mfupi piga cheki. Anayepigwa cheki hawezi kuwa kwenye sare hiyo. Na malkia wako mweke mbali na mfalme wake mpaka uwe na hakika, maana malkia akiwa umbali wa mruko wa farasi kutoka kwa mfalme aliye kwenye kona, kama g6 kwa h8, anamnyima vyumba vyote vitatu bila kumgusa. Hiyo jifunze kwa macho, si kwa kukariri. Weka mfalme kwenye kona nne, zungusha malkia, uone.

Mzee wangu, nawe niliahidi kurudi hatua ya 18. Hukumla b5, sawa. Farasi g6, hapana. Kulikuwa na c5. Unamkwepesha askari wako badala ya kumwacha apigwe, unampita yule wa b5, unaigonga d4. Binti akila c5, malkia wako anarudisha, unabaki na askari wa d5 akiwa peke yake, ni kweli, na ngome za binti zitamjia kwa d1. Lakini mstari wa a ni wako, malkia wako yuko wazi, na askari wa b5 wa binti naye amebaki mpweke ndani ya eneo lako. Kuna mwanaklabu mmoja anasema binti hapaswi kula c5 hata kidogo, alete ngome c1 aache mvutano ubaki. Nimekaa na wazo lake siku mbili na naona lina nguvu.

Kwa hiyo nageuza ubao mpaka hatua ya 18. Malkia d3, ngome b1 na f1, farasi f3. Weusi malkia e7, ngome a8 na e8, farasi f8. Mzee, njoo ukae upande wako. Binti, kaa upande wako. Yule wa ngome c1 aje asimame nyuma ya binti, na mtu wa Kibirizi aje asimame nyuma ya Mzee, akimshauri ale tunamtoa nje. Mzee anaanza: c5.